Vidonge Viwili vya Kazi Moja

Hoja za kuchanganya dawa za sonona mmezisikia hapa Majengo, zikisemwa kwa uhakika mkubwa. Nazichukua mojamoja, ninyi mpime.

Ya kwanza: kidonge kimoja kikishindwa, ongeza kingine cha kundi lilelile. Fluoksetini na sertralini huziba mlango wa aina moja, ule unaorudisha kemikali ya serotonini ndani ya seli za ubongo. Vipimo vya picha vimeonyesha kuwa dozi ya kawaida ya dawa moja ya kundi hili hushika takriban asilimia 80 ya milango hiyo. Cha pili kimebakiziwa nini? Kinachozidi ni madhara: kutetemeka, jasho, kuharisha, na mambo yakiharibika, homa kali inayoweza kuua. Tena watetezi hao hao wanasema kuchanganya hakuna hatari. Haiwezekani vidonge viwili viwe na nguvu ya kuponya kilichoshindikana, papo hapo visiwe na nguvu ya kudhuru.

Wanasema madaktari wenyewe huchanganya. Ni kweli. Uchambuzi wa majaribio 39 uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kuchanganya kunaweza kusaidia, hasa pale dawa za njia tofauti zinapounganishwa, mojawapo ikiwa ya aina ya mirtazapini. Ushahidi huo hauzitetei dawa mbili za njia moja. Na hata kwa mirtazapini, jaribio la Uingereza la mwaka 2018, lenye wagonjwa 480, halikuona nafuu ya maana ilipoongezwa.

Hoja inayonitia hofu zaidi ni hii: "Amitriptilini ni ya ganzi tu." Hapana. Ni dawa ya sonona tangu miaka ya 1960. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu hutolewa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku. Mama anayemeza fluoksetini asubuhi, kisha akapewa amitriptilini kwa miguu inayowaka moto, ameshachanganya bila kujua. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja amitriptilini, hivyo dozi ile ndogo hupanda katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Akiongeza tramadoli ya maumivu ya mgongo, hatari inakua, ikiwemo ya degedege.

Wengine hujibu: "Basi nimeiacha ya kwanza jana." Haitoshi: fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa.

Maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003, ili dawa ziuzwe na watu waliofundishwa. Kwa hiyo mwambie muuzaji kila unachomeza. Usiache dawa ghafla. Beba vidonge vyako vyote, hata vya maumivu, umwonyeshe daktari kabla ya kuongeza kingine.