Bahari ya Kilwa na Chupa ya Kiyeyushi

Maji yanayoizunguka Kilwa Kisiwani yana haidrojeni nzito, yaani deteriamu, kadiri ya atomu moja katika kila atomu 6,400 za haidrojeni. Kwa hiyo huulizwa: iweje nchi yenye pwani ndefu namna hii inunue ng'ambo viyeyushi vya deteriamu? Swali hili lina uzalendo ndani yake, lakini halikupimwa.

Kwanza ifahamike kazi ya viyeyushi hivyo. Mkemia aliyetoa dutu katika mzizi wa mti wa msitu wa Rondo, mkoani Lindi, huiyeyusha katika takriban nusu mililita ya kimiminika na kuiingiza ndani ya sumaku yenye nguvu, apate kusikiliza mwangwi wa viini vya haidrojeni vilivyomo. Akitumia klorofomu ya kawaida, haidrojeni ya kiyeyushi, iliyo nyingi mno, huifunika sauti ya dutu yenyewe. Katika klorofomu ya deteriamu kelele hiyo huhamia masafa mengine kabisa. Tena mashine huutumia mwangwi wa deteriamu kuuzuia uga wa sumaku usiyumbe. Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipochunguza mimea ya jamaa ya mstafeli wakitafuta dawa za malaria, waliitegemea njia hii.

Je, viyeyushi vitengenezwe Kilwa? Tani nzima ya maji haitoi zaidi ya gramu 170 hivi za maji mazito, na kuyatenga hula nishati nyingi. India iliambatisha mitambo ya kazi hiyo na viwanda vya mbolea, ambamo haidrojeni ya kutengenezea amonia hupita kwa wingi. Kilwa nayo, katika miaka ya 1980, ilipangiwa kiwanda cha amonia cha kutumia gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974; hakikujengwa. Lakini India iliyataka maji hayo kwa vinu vya nyuklia. Kujenga mtambo kwa ajili ya chupa za maabara ni kuchimba bandari kwa ajili ya mtumbwi mmoja.

Linalostahili kudaiwa ni dogo, na aghalabu husahauliwa: fungu la fedha la kila mwaka la kununulia viyeyushi. Sumaku hununuliwa mara moja, kwa sherehe. Kiyeyushi huisha kama chaki, na kikiisha mizizi ya Rondo hubaki kabatini au husafirishwa ikasomwe na wengine. Mwalimu wa Lindi akiulizwa swali lile darasani, na aanze na hesabu ya zile gramu 170.