Ndege ya Mtumba Sio Kiatu cha Mtumba: Machawa Acheni Makofi, Muulizeni Staa Wenu Nani Kaikagua

Wiki hii mitandaoni hakuna habari nyingine. Msanii mmoja wa Bongo, yule aliyehamia Texas na kurudi na lafudhi mpya, katangaza kwamba kanunua ndege. Sio ya kukodi kwa ajili ya video, wala sio ya kupigia picha pembeni halafu mwenyewe akaja akaondoka nayo. Ni yake, kwa jina lake. Tena ni ya kupiga sarakasi za angani: ndogo, ya viti viwili, mabawa juu na chini, imechorwa manyoya ya tai kuanzia puani mpaka mkiani.

Komenti zikawaka. Mioto, mataji, na yule mmoja aliyeandika "wanaume tumeumbiwa mateso, kaka wewe umeumbiwa mbawa." Mpaka hapo hakuna tatizo. Hela zake, ndoto yake, na kuonyesha ulichopata kwa jasho sio dhambi.

Tatizo limeanza alipofungua mdomo. Kwa maneno yake mwenyewe: tangazo aliliona mtandaoni Jumatatu, Jumatano akatuma mzigo, Ijumaa ndege ikaletwa. Maswali mengi hakutaka, picha zilimtosha. Na Jumamosi inayokuja, mbele ya Wabongo watakaokusanyika kwa nyama choma, atapita juu yao kichwa chini, miguu juu, huku kiti cha mbele amekaa mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka 19, ameshika kamera.

Hapo ndipo makofi yanatakiwa yanyamaze.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Mtu akitaka kununua IST iliyotumika, hata kama muuzaji ni shemeji yake, anakwenda na fundi wake. Fundi anafungua boneti, anachungulia oili, anasikiliza injini, analala chini kuangalia kama chesisi imewahi kuunganishwa. IST ikikuzimikia pale Ubungo, unaisukuma pembeni, unapigiwa honi na kutukanwa kidogo, basi. Sasa iweje kitu kinachokwenda kugeuzwa kichwa chini angani kinunuliwe kwa kuangalia picha? Hata kwa wahenga huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi huyu ana propela.

Wengi wanaoshangilia hawajaelewa hata ni ndege ya aina gani. Ni Christen Eagle, chombo kilichobuniwa Marekani na Frank Christensen miaka ya 1970. Injini yake ni ya nguvu za farasi 200. Ila Eagle kiwandani haikutoka ikiwa nzima kama Toyota. Iliuzwa vipande vipande kwenye maboksi, na mnunuzi akaiunga mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani. Sheria ya Marekani inaruhusu, mradi zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Ndiyo maana ndani ya ndege hizi kuna maandishi ya lazima yanayomwambia abiria wazi kwamba chombo hiki kimejengwa na mtu binafsi na hakifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida.

Hii haina maana kwamba ni takataka. Hapa machawa wasisingizie mtu. Curtis Pitts alirusha ndege yake ya kwanza ya sarakasi kule Florida mwaka 1944, na baadaye michoro yake ikaenda kwa watu wa kawaida waliojenga zao nyumbani. Dada mmoja wa Kimarekani, Betty Skelton, alitamba angani na ndege ya Pitts miaka ya 1940 mpaka leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Kuna wajenzi wanaokaa miaka kumi na kitu kimoja, wanapima kila kona, na wakimaliza wanatoa chombo safi kuliko cha kiwandani. Kuna na wengine waliokuwa na haraka, au mikono mizito, au waliomaliza hela katikati wakaungaunga.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kwenye ndege hizi swali ni moja tu: vimeundwa na nani?

Kwenye zile komenti zote, aliyeuliza hivyo ni mzee mmoja tu, rubani mstaafu. Aliandika kwa upole kabisa: "Hongera mwanangu. Vitabu vya ndege umevisoma? Aliyeikagua ni nani? Na umefundishwa na nani kurusha aina hii?" Maswali matatu. Akajibiwa "tulia babu", "wivu utakuua", "kanunue na wewe". Staa mwenyewe akaweka vicheko vitatu akasema wenye hela wanaongea na wenye hela.

Sawa. Tuyachukue maswali ya babu moja moja, tuone mwenye wivu ni nani.

Swali la kwanza, vitabu. Kila ndege ina vitabu vya kumbukumbu, cha mwili na cha injini. Humo ndimo kuna ukweli ambao rangi haiwezi kuuficha: lini iliruka mara ya kwanza, lini iligonga, nani alibadilisha nini. Kwa ndege ya sarakasi iliyoundwa nyumbani kuna jambo la ziada. Inatoka na karatasi ya masharti ya kurushwa, na mitindo ya sarakasi iliyojaribiwa kipindi cha majaribio inatakiwa iandikwe kitabuni. Kama haikuandikwa, kuchorwa manyoya ya tai hakuifanyi ipate ruhusa.

Tangazo lilisema injini ina "saa chache", na machawa wakalishangilia hilo kama vile ni sifa. Wamuulize fundi yeyote wa ndege. Kwenye injini za Lycoming kemshafti imekaa juu. Ndege ikikaa miezi bila kuruka, oili yote inashuka chini, chuma kinabaki kikavu, kutu inaanza. Injini iliyoruka saa 10 kwa miaka mitano inaweza kuwa mbovu kuliko iliyoruka saa 500. Saa chache kwenye karatasi zinaweza kuwa ndizo ovahoo utakayoilipia wewe.

Swali la pili, mkaguzi. Aliyeijenga ndege anaweza kupewa cheti cha kuikagua yeye mwenyewe kila mwaka. Cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Mnunuzi anatakiwa kila baada ya miezi 12 atafute fundi mwenye leseni aikague. Wakati huohuo, kwa ndege za aina hii sheria ya kule haimzuii mtu yeyote kushika spana kuzifanyia matengenezo. Yaani kati ya mjenzi wa kwanza na huyu msanii wetu, wamiliki kadhaa wanaweza kuwa walishafungua na kufunga wanavyojua.

Kwa hiyo ukaguzi kabla ya kulipa sio mapambo. Unatafuta fundi anayeijua aina hiyohiyo, asiwe rafiki wa muuzaji, unamlipa wewe. Anafungua vifuniko, anaingiza taa kwenye mabomba ya chuma yaliyochomelewa akitafuta nyufa, anaangalia boriti ya mbao iliyo ndani ya bawa chini ya kitambaa, anakagua nyaya zinazoshikilia mabawa. Anaangalia mfumo wa oili na wa mafuta unaofanya injini isizime ndege ikiwa kichwa chini. Halafu unapitia jina la mmiliki kwenye rejista ya ndege iliyoko Oklahoma City, usije ukanunua deni la mtu. Vyote hivyo kabla ya hela kutoka. Baada ya hela kutoka, fundi hakagui tena, anakupa pole.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu sarakasi inavunja vitu. Kiwango cha kawaida cha ndege ya sarakasi Marekani ni kuhimili mara 6 ya uzito wake ikivutwa upande mmoja, na mara 3 upande wa pili. Kwa mtu wa kilo 80, mara 6 ni kilo 480 zimekaa kwenye kiti. Ufa mdogo uliokaa kimya miaka 20 kwenye safari za kawaida, hapo ndipo unapojitambulisha.

Swali la tatu, mafunzo. Msanii ana leseni, hakuna anayebisha. Ila picha zake zote za mafunzo zinamuonyesha kwenye Cessna yenye tairi la mbele. Eagle ina tairi dogo mkiani. Ikiwa chini pua imeelekea juu, rubani haoni mbele, na uzito umekaa nyuma ya matairi makubwa, hivyo ikiyumba kidogo wakati wa kutua inataka kugeuka mkia uje mbele. Marekani rubani anatakiwa afundishwe na kusainiwa na mwalimu kwa ndege za tairi la mkiani. Nani kamsainia? Hilo nalo ni wivu?

Wanaodhani haya ni maneno ya kutishia watoto, wamkumbuke John Denver, yule wa "Take Me Home, Country Roads", wimbo ambao hadi baa za Arusha unaimbwa. Alikuwa rubani wa zaidi ya saa 2,700 angani, sio mwanafunzi. Mwaka 1997 alinunua ndege ndogo aina ya Long-EZ, iliyojengwa na mtu mwingine na kuuzwa ikiwa imetumika. Kwenye michoro, koki ya kubadilisha tenki la mafuta ilitakiwa iwe mbele, katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliiweka nyuma ya bega la kushoto. Hakuwa mjinga, alitaka mafuta yasipite karibu na rubani. Ila ili uishike ilibidi ujipinde mwili mzima, na ukijipinda mguu unaweza kukanyaga usukani wa mkia. Tarehe 12 Oktoba 1997, siku chache tu tangu aipate, John Denver alianguka nayo kwenye ghuba ya Monterey, California, akafa akiwa na miaka 53. Wachunguzi wakaitaja koki ile, na uzoefu wake mdogo kwenye ndege ile.

Huyo hakupiga hata sarakasi.

Na hakuwa peke yake. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliangalia ajali za ndege zilizoundwa na watu binafsi mwaka 2011, ikakuta zaidi ya nusu zilihusu ndege ambazo mwenyewe alinunua zikiwa zimeshatumika. Baadhi zilitokea safari ya kwanza kabisa ya mmiliki mpya. Ya kwanza! Ile ambayo staa wetu anataka kuifanya mbele ya nyama choma.

Halafu kuna hilo la abiria. Kule rubani akiwa na mtu ndani, sarakasi hazipigwi mpaka kila mmoja avae parachuti, tena liwe limekunjwa na mtaalamu ndani ya muda uliowekwa. Kwenye klipu mdogo mtu kavaa fulana na mkufu. Sarakasi haziruhusiwi chini ya futi 1,500 kutoka ardhini, wala juu ya mkusanyiko wa watu. Nyama choma ni mkusanyiko. Na lile tangazo la "anayetaka kurushwa alipie nafasi" ndilo baya kuliko yote, maana ndege ya aina hii hairuhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Hapo sio suala la uzoefu tena, hapo anaitisha hela za mashabiki wake kwa kitu kilichokatazwa.

Turudi kwa machawa, maana kesi hii nusu ni yao. Neno "wivu" limekuwa komeo la mlango. Mtu akiuliza bei, wivu. Akiuliza usalama, wivu. Msanii amezungukwa na watu ambao mkate wao unategemea yeye kufurahi, na mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia bosi wake "subiri kwanza." Yule babu hadai chochote kwa staa, ndiyo maana aliweza kuuliza.

Tena kusubiri hakumpunguzii mtu ustaa. Ndege anayo, haikimbii. Aibebe kwa fundi, ifunguliwe. Atafute mwalimu wa Eagle, akae naye wiki mbili tatu, kwanza kutua, halafu sarakasi akiwa juu sana. Atoe klipu za mafunzo, watu wataangalia hata zaidi, maana kiki ya kujifunza inadumu kuliko kiki ya kutamba. Mwakani apige mizunguko mpaka mbingu ichoke, na hata babu atampigia makofi.

Lakini Jumamosi hii, yule mtoto wa miaka 19 ashuke. Yeye hakusoma tangazo, hakutuma hela, hajui koki ya mafuta iko wapi. Amepanda kwa sababu kaka yake kamwambia panda, na huko nyumbani kuna mama mmoja ambaye wanawe ni hao wawili.

Povu ruksa hapo chini. Ila atakayeandika "wivu", kwanza ajibu hili: ndege ile kaikagua nani?