Kona ya Fundi: Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja

  Mwezi uliopita tulizungumza juu ya jiko na namna ya kupunguza kuni. Mwezi huu tunaacha moto, tunaingia kwenye baridi.

Nimepata swali toka kwa mama mmoja wa hapa kambini. Jina lake naliweka mfukoni. Anasema hivi: "Fundi, mwanangu ana miaka 19. Tulipokimbia Mocímboa mwaka 2020 alikuwa bado mdogo, na shule ikaishia njiani. Sasa anakwenda mjini na wenzake kutengeneza viyoyozi. Aliongeza gesi kwenye mashine ya mwenye duka mmoja, akalipwa, tukanunua mchele na mafuta. Baada ya wiki tatu mashine haitoi baridi. Akaenda akaongeza tena, akalipwa tena. Sasa imekufa mara ya tatu. Mwenye duka anataka fedha zake zote, na anasema watu wa kambini ni wezi. Fedha tumeshazila. Fundi, mwanangu si mwizi. Nifanyeje?"

Mama, nimekusikia. Na najua si wewe peke yako, maana vijana wetu wengi wameshika kazi hii. Pwani yetu ni joto, maduka na nyumba za wageni wanaweka viyoyozi, na kazi hiyo haikuulizi cheti cha shule. Mwanao si mwizi. Lakini alikuta kidonda, yeye akatibu homa. Ngoja nieleze, ili na wewe mzazi uelewe anachokifanya mtoto huko mjini.

Mashine haitengenezi baridi

Watu wengi hudhani kiyoyozi kinatengeneza baridi. Sivyo. Kinahamisha joto, kinalitoa ndani na kulimwaga nje, kama mtu anayeteka maji kwenye mtumbwi na kuyarudisha baharini.

Je, unakumbuka ukichomwa sindano, wanapokupaka pamba yenye spiriti? Pale pa pamba panapoa. Spiriti ikikauka inaondoka na joto la ngozi. Basi ndani ya mabomba ya shaba ya kiyoyozi mna gesi yenye tabia hiyohiyo. Kwenye kile kisanduku cha ukutani, ndani, inachemka ikiwa ya baridi na kunywa joto la chumba. Kompresa iliyo nje inaivuta na kuikandamiza mpaka inakuwa moto. Kwenye kisanduku cha nje inapulizwa na feni, inatoa lile joto, inarudi kuwa maji, halafu inaingia tena ndani. Weka mkono mbele ya feni ya nje: ule upepo wa moto ndio joto lililokuwa chumbani.

Kwa kuwa umeme unabeba tu, hautengenezi, mashine nzuri ikila umeme wa kipimo 1 inaweza kuhamisha joto la vipimo 3 au zaidi. Tena zipo zenye valvu ya kugeuza njia ya gesi. Ndugu zetu walioko Ureno wanajua: kisanduku kilekile cha ukutani wakati wa baridi kinapasha nyumba. Kinachota joto nje, hata kama nje ni baridi, na kulileta ndani. Huko wanaiita pampu ya joto. Mashine ni ileile.

Sasa msichanganye gesi hii na gesi ya kupikia, wala na ile inayochimbwa baharini kwetu. Ile ya baharini, meli ya Coral Sul inaipoza mpaka digrii 162 chini ya sifuri ili iwe maji na ipakiwe melini, na shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Ile huchomwa ikaisha. Ya kiyoyozi haichomwi. Inazunguka tu, kama damu. Na damu haiishi mwilini kwa kutembea. Ukiona mtu damu imempungua, tafuta alipokatika.

Hilo ndilo neno la mwezi huu, vijana, lishikeni: gesi ya kiyoyozi haiishi. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anamuuzia mteja maji kwenye pakacha.

Na mimi nilikosea

Nisijifanye malaika. Mwaka 2012 nilikuwa Mtwara, ninajifunza kazi kwa mzee mmoja. Siku moja akanituma peke yangu kufunga mashine kwenye nyumba ya wageni. Pampu ya kunyonya hewa ilikuwa nzito, nikaiacha. Nikafungua gesi kidogo isukume hewa itoke kwenye bomba, nikakaza nati, nikawasha. Baridi ikatoka, nikapewa soda, nikaondoka nacheka.

Baada ya miezi minne kompresa ikafa. Mzee akaikata mbele yangu. Mafuta ndani yalikuwa meusi, yananuka kama kitu kilichoungua. Akaniambia: hewa uliyoiacha ilikuwa na unyevu, unyevu umechanganyika na mafuta na gesi ukawa asidi, asidi imekula waya. Nililipa kwa mishahara yangu ya miezi miwili. Tangu siku hiyo sijaiacha pampu nyumbani.

Kufunga mashine, hatua kwa hatua

1. Chagua ukuta. Kisanduku cha ndani kikae juu, kiasi cha mita 2 au zaidi toka sakafuni, na kibaki na nafasi juu yake ya kuvuta hewa, kama sentimita 15. Ukuta wa miti na udongo usiuamini kwa misumari mitupu. Tafuta mti mkubwa wa ndani, au weka ubao imara kwanza.

2. Tumia pimamaji. Bati la nyuma likipinda, maji yatadondoka ndani badala ya kutoka. Tundu la ukutani litobolewe likiinama kidogo kuelekea nje, na bomba la maji literemke mwanzo hadi mwisho, lisipande mahali popote.

3. Kisanduku cha nje kifungwe kwa vyuma na bolti za kweli. Hapa kwetu tumeona Kenneth Aprili 2019, na Chido Desemba 2024. Kisanduku kilicholegea ukutani ni jiwe linalongoja upepo. Kikiwezekana, kisielekee bahari moja kwa moja, maana chumvi inakula mapezi ya alumini na vyuma.

4. Kata bomba la shaba kwa kikatio chake, si kwa msumeno. Ondoa makali, uelekeze mdomo chini ili vumbi la shaba lisiingie ndani. Ingiza nati KABLA ya kupanua mdomo wa bomba. Kila fundi amewahi kusahau nati, na kila fundi amelia.

5. Kaza nati kwa spana mbili, moja inashika, nyingine inakaza. Ukikaza kama unafunga tairi la lori, mdomo wa shaba unapasuka. Ukilegeza, unavuja.

6. Jaribu kwa naitrojeni na povu la sabuni, kwa presha isiyozidi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. USITUMIE OKSIJENI. Narudia, usitumie oksijeni, hata kama fundi wa kuchomelea ni jirani yako na anakupa bure. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Inaua.

7. Funga pampu, nyonya hewa dakika 20 hadi 30. Funga valvu ya geji, zima pampu, kaa utazame mshale kwa dakika kumi na zaidi. Ukipanda, pana tundu au pana unyevu. Usidanganye mshale.

8. Hapo ndipo unafungua gesi iliyokuja na mashine. Kama bomba lako ni refu kuliko kipimo cha kibandiko, ongeza kwa mzani, kwa gramu, si kwa kubahatisha.

Ijue gesi uliyoshika

Soma kibandiko. Mashine za zamani nyingi ni R22. Hii inaharibu tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Nyingine ni R410A, ambayo presha yake ni kama mara moja na nusu ya R22, kwa hiyo geji na mipira ya R22 haifai. Mashine mpya nyingi ni R32, na hii inaweza kushika moto. Ukiwa na R32 hakuna sigara, hakuna moto wa kuchomelea mpaka gesi yote iwe imetolewa na kuhifadhiwa kwenye mtungi wake, na madirisha yafunguliwe.

Usichanganye gesi mbili kwenye mashine moja. Na usiifungulie gesi hewani eti unaanza upya. Kilo 1 ya R410A ikiruka inapasha dunia kama kilo 2,000 na zaidi za hewa ya mkaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hii.

Utunzaji ambao hata mwenye nyumba anaweza

Chujio la kisanduku cha ndani lioshwe kila wiki mbili kwa maji na sabuni kidogo, likauke kivulini, lirudishwe. Chujio likijaa vumbi, bomba la ndani linaganda barafu, na mwenye nyumba anapiga kelele "gesi imeisha!" Kumbe vumbi tu. Kijana mwaminifu huanza na chujio kabla ya kufungua mtungi.

Kisanduku cha nje, kwetu pwani, kioshwe kwa maji baridi ya kunywa mara kwa mara kuondoa chumvi. Umeme uzimwe kwanza kwenye breka, si kwa rimoti. Usitumie maji ya kasi sana, mapezi yatalala. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwasha, kompresa ipumue. Kifaa cha kulinda mashine na umeme unaoyumba si anasa.

Na wewe kijana: hata umeme ukizimwa, kapasita inabaki na umeme ndani. Usiiguse mpaka umeitoa chaji kwa njia uliyofundishwa na umepima kwa mita. Ukipanda juu, ngazi ishikwe na mtu. Mama anakungoja jioni, hangoji fedha tu.

Tulivyokwenda dukani

Sasa turudi kwa mama yetu. Jumamosi moja nilimchukua kijana tukaenda kwa yule mwenye duka. Tulimsalimu, akaitikia kwa shingo upande. Kijana akasema mwenyewe, sikumsemea: "Baba, nilikosea. Niliongeza gesi sikutafuta tundu. Leo nimekuja kutafuta, sitaki malipo."

Mzee akanyamaza, halafu akatuonyesha ngazi.

Tukaanza na chujio, lilikuwa safi. Tukapaka povu kwenye nati za kisanduku cha nje, kimya. Tukashusha kisanduku cha ndani kidogo, tukapaka povu pale mabomba yanapoungana nyuma yake. Hapo povu likaanza kuumuka polepole, kama maandazi. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele. Aliyefunga mashine mwanzo aliikaza kupita kiasi. Kwa hiyo kosa la kwanza halikuwa hata la kijana wetu, lakini fedha aliyochukua yeye ndiyo iliyomvunjia jina.

Tulikusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, tukakata, tukapanua mdomo upya, tukajaribu kwa naitrojeni, tukanyonya hewa nusu saa, tukapima gesi kwa mzani. Gesi niliikopesha mimi, kijana ananilipa kidogokidogo. Mwenye duka hakutulipa, na hatukuomba. Alisema tu deni limekwisha. Nilipita pale juzi, sasa ni wiki ya saba, baridi ipo. Na amemtuma kijana kwa shemeji yake mwenye mashine inayodondosha maji.

Basi vijana wa kike na wa kiume mnaofanya kazi hii, nawapa neno moja la biashara. Mwambie mteja bei mbili kabla ya kupanda ngazi: bei ya kutafuta tundu na kuliziba, na bei ya kuongeza gesi tu. Mwambie wazi kwamba ya pili ni rahisi leo na ghali kesho. Akichagua ya pili akiwa anajua, hujamwibia. Akichagua bila kuambiwa, umemwibia hata kama hukukusudia.

Pampu na mzani ni ghali kwa mtu mmoja. Chezeni upatu watu sita, mnunue pamoja, mpangiane siku. Tukiwa kwetu tulikuwa na shamba, mtumbwi, nyumba. Hapa mtaji wetu mkubwa ni jina. Likivuja, na lenyewe haliongezwi kwa mtungi.

Mwezi ujao: taa za jua, kwa nini betri hufa mapema. Mwenye swali aliandike alete kwa msambazaji wa jarida, au anikute chini ya mwembe siku ya Jumamosi asubuhi.

Kwaherini, tuonane mwezi ujao.
Fundi wenu.