GUMEGUME UGOGO, FAIDA ULAYA



Tunaulizwa bunduki zilifikaje Ugogo, palipo Dodoma leo. Tusijifiche: nyingi zilipitia forodha yetu ya Unguja. Mwaka 1888 Balozi wa Kiingereza hapa, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha 80,000 hadi 100,000 huingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Aghalabu zilikuwa masazo ya majeshi ya Ulaya. Yalipopata bunduki mpya, zile kuukuu zikatafutiwa wanunuzi, zikapandishwa bara na misafara ya pembe.

Mwaka 1890 madola yale yale yakakutana Brussels, yakamkataza Mwafrika silaha za kisasa. La kuajabisha, gumegume na baruti duni ziliweza kuendelea kuuzwa kwa idhini ya serikali! Sisi wenye maduka twaijua hila hiyo: kumnyima mteja mchele ili anunue chenga. Na tuliokaa chuoni twaijua hukumu ya wapunjao vipimo.

Hila haijafa. Aprili 2019, huko Indianapolis, Rais Trump alisimama mbele ya NRA, chama cha wenye bunduki ambacho watengenezaji hukichangia fedha, akatangaza kuwa Marekani inaukana Mkataba wa Biashara ya Silaha.

Basi twadai: jambo la silaha likifika tena Bungeni Dodoma, kwanza lifunguliwe daftari la muuzaji.