Kiwanda Kifuate Mzigo

Usiku wa msimu, familia nyingi za Pemba hukaa pamoja kuchambua karafuu: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Makonyo hayo ndiyo yanayolisha kiwanda cha ZSTC pale Wawi, Chake Chake, na sisi twaona mahali pake panastahili. Kilo 100 za makonyo hutoa mafuta kilo 5 au 6 hivi. Nani angevusha bahari mzigo wote huo, ili sehemu kubwa ikatupwe Unguja?

Ndani, mpangilio hufuata mvuke: tanuri, pipa la makonyo, kipozeo, kisha chombo ambamo mafuta, kwa uzito wake, hutuama chini ya maji. Ghala la makonyo makavu lisikaribiane na moto, wala moshi usielekezwe kwa majirani.

Mwani nao umetengewa mahali pa kiwanda Chamanangwe, Wete, mbali na ufuo. Ukikaushwa huwa mwepesi, hivyo umbali wavumilika. Ila nauli ya magunia asitwishwe mama anayelima. Na aulizwe yeye kwanza, vichanja vya kuanikia na vituo vya kununulia vijengwe wapi.