Karungu Si ya Matanga na Krismasi Tu

Mwulize mkazi wa Nairobi mwenye asili ya Nyatike atakakopumzika akipata likizo. Atataja Diani, na mfuko ukiruhusu, atataja Athens au Dubrovnik. Karungu, ufuoni mwa Ziwa Victoria huko Nyatike, kwake ni mahali pa matanga na Krismasi. Imani hii, kwamba ufuo wa kutembea taratibu na mawe ya kale ya kustaajabia yako kwingine tu, imekita mizizi hata kwa waliozaliwa kando ya ziwa. Ni imani potofu, nayo inawanyima watu wa huku riziki na heshima.

Huko Dubrovnik, Croatia, watu hulipa ili watembee juu ya kuta zake, na kuta zenyewe ni nzuri kweli. Lakini kaunti ya Migori, iliko Nyatike, ina Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyoanza kujengwa yapata karne ya 16 bila chokaa wala udongo wa kushikamanisha. Mafundi walipanga safu ya nje na ya ndani, wakajaza mawe madogo katikati, na kuta zimesimama hadi leo, kwingine zikifika mita 4.5. Malango ni mafupi. Mgeni huingia ameinama. Jamii mbalimbali zilipokezana kuishi humo na kuyakarabati. UNESCO iliyaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wangapi kati ya wanaoijua Acropolis ya Athens kwa picha wamewahi kukanyaga hapo?

Karungu yenyewe ina mambo makubwa zaidi. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa kutoka London kuja kuchimba mabaki ya wanyama katika makorongo yake. Mwaka huo huo, taya la mnyama wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, lilipewa jina la kisayansi Deinotherium hobleyi, kwa heshima ya Hobley, afisa wa kikoloni. Ni mnyama wa mamilioni ya miaka iliyopita, na ametoka Karungu.

Wapo wanaosema hakuna hoteli za maana, barabara ni mbovu, na maji yana kichocho. Kichocho kipo, na asiogelee mtu ovyo. Ila safari ya taratibu haihitaji jumba la kifahari. Inahitaji boti salama, kitanda chenye chandarua, samaki wa kukaanga, mbuta au ngege, na mwenyeji anayejua historia. Msafiri akianzia Sori, mji wa Karungu, ataona omena wakianikwa ufuoni, apite Sindo hadi Mbita katika kaunti ya Homa Bay, avuke hadi kisiwa cha Rusinga, alipozikwa mwanasiasa Tom Mboya na ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, wa jamii ya sokwe wa kale, mwaka 1948, kisha amalizie kwa michoro ya miambani kisiwani Mfangano. Hiyo ni wiki nzima ya kutembea bila haraka.

Wakati huohuo, miji inayosifiwa imeelemewa. Venice ilianza mwaka 2024 kutoza wageni wa siku moja euro 5, na Dubrovnik imelazimika kupunguza meli za kitalii zinazotia nanga.

Kaunti za Migori na Homa Bay zina kazi ya kufanya, tena pamoja, maana ufuo hausimami kwenye mpaka wa kaunti: waelekezaji wafunzwe na walipwe, boti zikaguliwe, na nakala za mifupa ya Karungu ziwekwe Sori, ambako mtoto wa Nyatike anaweza kuziona kwa nauli ya bodaboda.