Alama za Hatari Zawahusu Wakulima Pia

Msomaji, ukifika Mombasa, shuka kwa miguu katika Mji wa Kale kutoka Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale. Utaona jinsi njia zilivyo nyembamba. Mkokoteni mmoja ukipita, wenye kuja huegemea ukuta. Nyumba zimeshikana, roshani za mbao zatazamana juu, na chini yake ni maduka na stoo. Mzigo humo hubebwa kwa mkokoteni au kwa bega. Hamali hujua uzito wa gunia mara tu anapojitwika, lakini tabia ya kitu kilichomo ndani bega halimwambii. Huijua kwa alama, ikiwa alama ipo, na ikiwa amefundishwa kuisoma.

Alama hiyo ni mraba uliosimama juu ya pembe yake, kama uru wa karata, wenye picha juu na nambari chini. Mpango wake ulitolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1956, na mwaka 1965 zikakubaliwa kanuni za shehena za hatari katika meli. Mafungu ni tisa. La 1 ni baruti na fataki. La 2 ni gesi. La 3 ni mafuta yashikayo moto upesi. La 4 nitalieleza chini. La 5 ni vitu vinavyoupa moto pumzi. La 6 ni sumu na vitu vyenye vijidudu vya maradhi. La 7 ni vitu vya mionzi, la 8 ni asidi na vinginevyo vinavyokula ngozi na chuma, na la 9 ni mchanganyiko wa vilivyobaki, zikiwamo betri za lithiamu.

Wengi hudhani haya ni elimu ya makarani wa Kilindini. Mimi sikubali. Mkulima atazame nyumbani kwake. Mtungi wa gesi ya kupikia ni fungu la 2. Mafuta ya taa ni la 3. Vidonge vya kufukizia mahindi ni la 4. Dawa nyingi za wadudu ni la 6. Maji ya betri ya trekta ni la 8. Mafungu matano kati ya tisa, na pengine yote yamewekwa pembe moja ya stoo, chini ya kitanda cha kamba.

Sasa fungu la 4, ambalo mkulima wa pwani alijua kabla hata ya nambari kuandikwa. Lina matawi matatu. La kwanza ni vitu vikavu vishikavyo moto kwa urahisi, kama kiberiti. La pili ni vitu vinavyojipasha joto vyenyewe mpaka vikawaka, bila ya mtu kuvitia moto, na uru wake ni mweupe juu na mwekundu chini. Humo imo mbata! Mbata isiyokauka vizuri, ikirundikwa stoo isiyopita hewa, huanza kufuka joto kutoka ndani. Pamba iliyolowa ni vivyo hivyo, na mashudu yenye mafuta mengi pia.

Tawi la tatu lina uru wa buluu. Hivi ni vitu ambavyo maji ndiyo adui yake. Kabaidi ya mafundi wa kuchomea vyuma ikilowa hutoa gesi inayowaka. Vile vidonge vya kufukizia ghala hutoa fosifini, gesi yenye sumu kali, kwa unyevu tu wa hewa, na hewa ya kisiwa cha Mombasa haikosi unyevu. Katika mtaa kama Kibokoni moto ukizuka, jirani wote hukimbilia ndoo. Ni desturi njema, lakini penye uru wa buluu ndoo hiyo huongeza msiba. Hapo ni mchanga mkavu, na watu waondoke.

Penye uru wa manjano, fungu la 5, mambo hugeuka. Huko mchanga hausaidii, kwa sababu kitu chenyewe kinaupa moto pumzi, hata ukiufunika. Hutakiwa maji mengi, tena kutoka mbali. Klorini ya unga inayotiwa visimani ni ya fungu hili. Amonia naitreti pia ni ya humo. Mbolea ya CAN tunayoitia mahindini ni amonia naitreti iliyotulizwa kwa unga wa mawe ya chokaa, na kwa kawaida haihesabiwi kuwa shehena ya hatari. Isiyotulizwa ndiyo iliyolipuka Beirut tarehe 4 Agosti 2020. Ilikuwa tani 2,750, imelala katika ghala la bandari tangu mwaka 2014. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Lakini faida kubwa ya mafungu haya, kwa maoni yangu, ni kujua kipi kisikae na kipi. Tarehe 14 Aprili 1944 meli Fort Stikine ilikuwa gatini Bombay, mji ambao majahazi ya Mombasa yaliufanyia biashara kwa karne nyingi. Ilikuwa na tani kama 1,400 za baruti na mabomu, na pamoja nayo ikapakiwa marobota ya pamba kutoka Karachi. Moto ukashika pamba. Wazima moto walihangaika kwa saa kadhaa, kisha baruti ikafika zamu yake. Mamia ya watu walikufa. Pamba peke yake ingaliungua tu.

Mkulima hana mabomu, lakini ana gunia la klorini kando ya pipa la dizeli, na dawa ya wadudu juu ya unga wa watoto ndani ya matatu.

Mtu atasema maandishi mengi ya mikebe ni ya Kiingereza. Ni kweli, lakini picha na nambari hazina lugha. Wa kulaumiwa zaidi ni mwenye duka anayepima dawa katika chupa ya soda na kuiuza bila alama. Yeye atajibu kuwa mkulima mdogo hawezi kununua mkebe mzima. Hilo pia ni kweli. Basi watengenezaji watoe vipimo vidogo vilivyofungwa, kila kimoja na uru wake.

Na kila chama cha ushirika kitundike ghalani karatasi moja yenye alama hizi zote, kwa Kiswahili, na Bwana Kilimo aisome pamoja na wachukuzi, si na makarani peke yao. Hamali akiuliza, "Humu mna nini?", ajibiwe kabla hajainama kujitwika.